Mulituchukua, foto iko wapi?

Mwaka 2010 mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki, na usiku mzima wa matanga watoto wake walihangaika na jambo moja tu: foto. Jeneza lilikuwa tayari, padri ameshaambiwa, akina mama wamewasha moto nyuma ya nyumba, lakini uso wa kutangulia haukuwapo. Kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, marehemu hatoki nyumbani hivi hivi. Mjukuu mmoja hubeba msalaba, mwingine hubeba foto iliyotiwa kwenye fremu, na wapita njia wanaposimama kando ya barabara na kuvua kofia, uso huo ndio unaowaambia wanamvulia nani. Masanduku yalipekuliwa, Biblia zikakung'utwa. Kilichopatikana ni kadi yake ya uchaguzi ya mwaka 2005, yenye uso usiozidi ukucha wa kidole gumba.

Asubuhi kijana wa labo aliikuza foto ile kadiri mashine ilivyokubali. Karatasi ikatoka na mabaka ya kijivu, matundu mawili meusi mahali pa macho, na mstari wa muhuri ukikata shavu. Kijukuu kilichopewa kuibeba kiliigeuza, uso ukatazama kifua chake, mama mmoja akawa anaigeuza tena kila baada ya hatua ishirini.

Mimi nilikuwa nyuma ya msafara na sikuwa na mahali pa kuficha macho. Mzee yule nilikuwa nimempiga foto mara nne au tano miezi michache kabla, mbele ya nyumba yake, kwenye kiti cha mbao, redio mapajani. Katika foto moja alikuwa anacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nilizifuta. Siku ya harusi ya binamu yangu kadi ya kumbukumbu ilijaa, nikatafuta nafasi, nikabonyeza kitufe chenye alama ya pipa la taka mpaka bwana na bibi harusi wakapata pa kukaa. Mzee alikuwa ameniuliza mara mbili: "Mwalimu, ile foto yangu?" Mara zote mbili nilimjibu kwamba inakuja.

Tangu wiki ile nina daftari, na nitalirudia.

Kamera yenyewe ni ile ndogo ya mfukoni, ya kubonyeza tu. Sisi huku tunasema aparei. Jina la kampuni sitaji, maana silipwi kuitangaza. Ni toleo la mwaka 2008, nami niliipata mwaka 2009 kwa shemeji yangu ambaye siku hizo alikuwa akileta mali kutoka Dubai. Dola 140, nikazilipa kwa mara tatu, na mpaka malipo ya pili mke wangu alikuwa akinipa chakula bila neno. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Ina megapikseli 8, lenzi ya kuvuta mara 4, kitundu cha kuchungulia juu ya kioo, na inakula betri mbili za AA, zile zile za tochi na redio.

Betri hizo ndizo zilizonifunga nayo. Kwa miaka mingi mji wetu, pamoja na maghorofa yake na makontena yake yanayopanda kutoka mpakani Kasindi, haukuwa na umeme wa serikali. Moto ulitoka kwenye jenereta ya jirani mwenye uwezo, saa chache za jioni, na baadaye kwenye paneli za jua. Aparei yenye betri ya kipekee, inayotaka chaja yake na waya wake, ingekufa kabatini mwaka wa kwanza. Yangu hula kibandani. Ni kweli kwamba betri za bei ya chini hutoa foto kumi, kumi na tano, kisha lenzi inarudi ndani kama shingo ya kobe na kioo kinazimika bwana harusi akiwa bado ameshika keki. Lakini nilipoagiza betri nne za kuchaji kutoka Kampala, nikawa naenda harusi ya siku nzima na jozi moja ndani, nyingine mfukoni, bila wasiwasi.

Na kile kitundu. Simu unaishika mbele ya kifua, na aliye mbele yako hajui kama unasoma ujumbe, unatafuta mtandao, au unamchukua. Aparei unainyanyua mpaka jichoni. Mkono umepanda, jicho moja limefumba, hakuna siri. Mtu ana nafasi ya kusema hapana, au kurekebisha kilemba, au kuita watoto waje wasimame naye. Nimeona wanawake sokoni wakigeuza uso kwa simu ya mtu ambaye hata hakuwa akipiga foto, na wanawake hao hao wakiniita: "Mwalimu, kuja na aparei yako hapa." Wanajua ninachofanya, na wanajua nitarudi.

Mwanangu, ambaye sasa yuko chuo kikuu, anasema nina kitu cha makumbusho. Simu yake ina megapikseli 50. Hesabu iko upande wake: mwaka ule ule mzee alipofariki, viwanda vya kamera, karibu vyote vya Japani, vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, nyingi mno zikiwa hizi za mfukoni. Havijafika tena hapo. Miaka michache baadaye simu ilikuwa imekula sehemu kubwa ya soko hilo. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali tangu 1975, mashine ya kilo karibu nne iliyohifadhi picha kwenye kaseti, iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Yote hayo nayajua na sibishani nayo. Ninachomuuliza mwanangu ni hiki: katika foto elfu sita zilizomo kwenye simu yako, ni ngapi ziko ukutani kwa mtu?

Niseme kidogo juu ya mwanga, maana hapo nilipoteza miaka miwili ya kwanza. Butembo iko juu, karibu mita 1,800, na mstari wa Ikweta unapita kusini kidogo ya mji. Mgeni hushangaa kukuta watu wa Ikweta wamevaa makoti. Asubuhi ukungu unakaa mabondeni mpaka saa tatu. Saa sita mchana jua liko utosini, na kila mwenye kofia ana uso wa usiku. Aparei haijui habari za Butembo. Imefundishwa kuamini kwamba kila kitu duniani, ukikichanganya, ni kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi, ukungu, ukuta wa chokaa au gauni, inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. Gauni linatoka zuri sana. Aliyelivaa anapotea.

Hivyo ndivyo nilivyoharibu komunio ya kwanza ya mwaka 2009. Wasichana zaidi ya thelathini kwenye ngazi za kanisa, wote wamevaa nyeupe, nami nimewapanga kwa urefu kama mtu anayejua kazi. Foto zilipotoka labo, magauni yalihesabika mpaka nyuzi za lesi, lakini kutoka shingoni kwenda juu kulikuwa na giza na meno. Mama mmoja aliishika yake, akaitazama, akanirudishia kwa upole wote: "Umepiga nguo, Mwalimu. Mtoto umemwacha wapi?"

Nilidhani kosa ni langu peke yangu. Baadaye nilisoma kwamba lina historia. Katika enzi ya filamu, maabara za Marekani na kwingineko zilipimia rangi kwa kadi yenye foto ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mmoja wa wanawake wa kwanza kupigwa. Rangi ikimtoka vizuri Shirley, mashine iko sawa. Inasimuliwa kwamba Kodak ilianza kuboresha jinsi filamu yake inavyoona rangi ya kahawia baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika. Kabati lilipata haki yake kabla ya mama yangu. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu jambo hilo, na darasa hucheka, halafu hukaa kimya kidogo.

Dawa ni rahisi ukishaijua. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Uso mweusi mbele ya ukungu au gauni jeupe: jumlisha theluthi mbili, wakati mwingine jumlisha moja, na anga iungue ikitaka, hatukuja kupiga anga. Saa sita mchana, washa flashi ingawa jua linawaka, ili ukope na shimo la jicho vipate mwanga kutoka mbele. Lakini flashi tupu inapaka mapaji ya nyuso mafuta. Mimi hukata kipande cha karatasi ya choo, tabaka moja tu, na kukibandika juu ya taa kwa selotepu. Wasichana hucheka wakiiona. Foto zikitoka hawacheki tena, wanauliza bei.

Bei ya labo wakati huo ilikuwa franka 500 kwa foto ya sentimita 10 kwa 15, zaidi kidogo ya nusu dola. Siwezi kuwalipia watu wote, na sijifanyi tajiri. Desturi yangu ni hii: foto ya kwanza ni yangu kulipa, kwa sababu ni mimi niliyenyanyua aparei. Ukitaka ya pili ya kumpelekea mjomba Goma, hiyo ni juu yako. Daftari lina safu nne: jina, siku, mahali, imefika au haijafika. Ikifika napiga mstari. Nyuma ya kila foto naandika jina kwa kalamu ya wino, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sisi Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Ukiita "Kambale!" sokoni, nusu ya wanaume watageuka. Kwa hiyo daftari langu limejaa Kambale wa kiosko cha mkate, Kambale wa chukudu (baiskeli ya mbao) nyekundu, Kambale mwenye pacha. Usipoandika siku ile ile, kesho humjui.

Vumbi ni adui mwingine. Kiangazi chetu ni chekundu, kinaingia mpaka kwenye meno. Mara mbili lenzi imekwama nje, ikilia kama panya. Mara ya kwanza niliigonga kwenye goti, ikakubali. Mara ya pili ilikataa, nikaipeleka kwa fundi wa simu na redio, kijana anayefanya kazi kwenye meza ndogo chini ya mwavuli. Aliifungua kwa bisibisi za saa, skurubu akizipanga kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio zilivyotoka, akapuliza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha akanionyesha kwenye ncha ya kibanio: punje moja ya mchanga. Alinitoza dola tatu. Punje niliifungia kwenye karatasi. Mke wangu aliitupa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Ilipata watu zaidi ya 3,400 na kuua zaidi ya 2,200. Mwanzoni mwa 2019 kitovu chake kilikuwa kwetu, Butembo na Katwa. Mlango wa mji ukajaa magari meupe, na kila gari lilikuwa na mtu mwenye kamera. Tulipigwa tukinawa mikono. Tulipigwa tukichanjwa, tukilia, tukizika kwa mbali. Desemba tulikuwa tumeambiwa kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura pamoja na nchi nzima kwa sababu ya ugonjwa huo huo, na watu wengi wakahitimisha kwamba ugonjwa una kazi nyingine. Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, mwezi Aprili daktari akauawa hospitalini. Neno Riposte, lililokuwa jina la kikosi cha kupambana na Ebola, likawa karibu tusi.

Katika mwezi wa tatu wa mwaka ule nilipanda pikipiki kwenda kijiji kimoja cha milimani, upande wa Lubero. Nilikuwa na bahasha moja ya kupeleka. Bibi mmoja alikuwa ameteremka mjini kwa misa ya mavuno, nikampiga foto na kikapu chake cha viazi, akaniambia kwao wapi, nikaandika. Mlangoni mwa kijiji vijana sita walikuwa wameketi kwenye gogo. Mmoja alisimama akashika usukani wa pikipiki, mwingine akatoa ufunguo.

"Uko wa Riposte?"

Nikasema mimi ni mwalimu. Wakataka mfuko. Kitu cha kwanza kilichotoka ni aparei, na hapo sauti zikapanda. "Mumeona? Anakuja kutupiga, aende akule pesa!" Dereva wa pikipiki alikuwa ameshaanza kurudi nyuma polepole, bila mimi. Aliyekuwa na aparei yangu mkononi, kijana mwenye koti la jinzi, hakupiga kelele. Aliniuliza kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele: "Wale wa juzi walituchukua hapa. Mulituchukua, foto iko wapi?"

Sikuwa na jibu la wale wa juzi. Nilisema, fungua bahasha.

Akaifungua. Akatazama. Wengine wakaja juu ya bega lake, na mmoja akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtoto: "Njo koko huyu! Njo koko wetu na kikapu chake!" Akaigeuza, akasoma jina nyuma, akasoma tena kwa sauti. Ufunguo ukarudi. Wakanisindikiza wote sita mpaka mlangoni kwa bibi, wakibishana nani ataibeba.

Bibi aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika karatasi yenye unyevu. Kwanza hakuutazama uso, alitazama kikapu, akakihesabu. Kisha akaniambia, "Wasingya," yaani asante, akaifunika kwa kikwembe chake. Na baada ya kimya akauliza kama naweza kumpiga tena, safari hii bila kikapu, kwa sababu kikapu kile kilikuwa cha jirani.

Nilishuka milima ile bila kujisifu. Fikirini: aparei ile ile nusura iniletee kipigo, na foto iliyotoka ndani yake ndiyo iliyoniokoa. Tofauti ya vitu hivyo viwili ni safari moja ya kurudi.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa wote wanaokuja kwetu na kamera, wawe waandishi, watafiti, mashirika, wageni wa parokia, au wagombea wanaotugawia fulana: foto ya mtu ni deni. Hukuikuta njiani. Ulisimama mbele yake, akakupa uso wake, ukaondoka nao. Kama umeweza kuleta gari kutoka Beni, kilomita 54, unaweza kuleta bahasha. Foto 30 labo hazifiki bei ya mafuta ya gari hilo kwenda na kurudi. Andika gharama hiyo kwenye bajeti yako, kati ya maji ya chupa na posho ya dereva. Na usiseme "tutawatumia kwa WhatsApp". Bibi yule hana WhatsApp, ana ukuta.

Wanaofanya kazi hiyo kwa heshima wapo. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, msanii wa Marekani, Mary Beth Heffernan, alikwenda Liberia mwaka 2015 akawapiga foto wauguzi, akazichapa na kuzibandika kifuani juu ya mavazi yao ya kinga, ili mgonjwa aliyekuwa akiona miwani na plastiki tu apate kuona uso unaotabasamu. Ni printa na karatasi ya kunata, basi. Na mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, mradi wa Congo in Conversation ulibebwa na wapiga foto wa Kongo wenyewe, akina Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo. Mtu anayeishi mkoa ule ule na wewe unaweza kumkamata barabarani ukamdai. Hilo peke yake linabadilisha namna anavyokutazama.

Lakini tusiwaonee wageni tu. Sisi wenyewe tumekuwaje? Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza upande wa Beni, simu zetu zimekuwa makaburi yasiyofunikwa. Mwalimu mwenzangu alijua kwamba kaka yake ameuawa upande wa Oicha kwa foto iliyoingia kwenye kundi la wazazi wa shule, kati ya tangazo la ada na salamu za asubuhi zenye maua. Alilitambua shati. Aliyeituma hakuwa mtu mbaya, alitaka dunia ijue. Foto ile imepita kwenye mikono mingapi? Na ya kaka yake akiwa hai, amesimama, ameipata wapi ya kuweka kwenye fremu? Hakuipata. Alikuja kwangu, tukapekua daftari kurasa zote, hayumo.

Mwanangu hapa ananipinga, na nampa haki yake. Anasema bila simu mambo mengi tungeambiwa hayakutokea. Kweli. Aparei yangu haitumi kitu. Inasubiri waya, kompyuta, labo, Jumatatu. Siku za ghasia za Julai 2022, za kupinga askari wa Umoja wa Mataifa, ilikaa kabatini nami nikakaa nayo, wakati vijana wenye simu ndio walioonyesha kilichokuwa kikitokea mjini. Ushahidi ni kazi, na simu inaifanya. Ila ushahidi ni wa hakimu. Familia inahitaji foto nyingine, ya kiti cha mbao na redio, na hiyo mtu aipige kabla.

Kwa hiyo kila mwaka, kati ya Pasaka na mitihani ya serikali, nazunguka kartie yetu na kuwapiga wazee wote wanaokubali. Wengine wanakataa, wanasema nawaharakisha. Mzee mmoja alinifukuza miaka mitatu. Mwaka wa nne aliniita mwenyewe, amevaa suti ya harusi yake, suruali imefungwa kwa kamba. Wakimbizi waliofika kutoka vijiji vya Beni, na siku hizi kutoka kusini upande wa Kanyabayonga, nao wanakuja, kwa sababu mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na godoro. Albamu inabaki. Hao ndio walionijazia safu ya nne. Wanahama tena kabla foto haijatoka. Nina bahasha 43 ndani ya kopo la maziwa ya unga, na namba za simu ambazo zikiita hazipokelewi. Siku ya soko naenda na kopo.

Mwaka huu mwanangu aliona kwenye simu yake kwamba vijana wa Ulaya na Marekani wanazitafuta aparei hizi za zamani, wanasema zina rangi ya kweli, wengine wanalipa zaidi ya nilivyolipa mimi mpya. Akaja jioni, mpole, hakuitaja makumbusho. Kuna ubatizo Jumapili kwa rafiki yake, je, anaweza kuiazima? Nikampa na jozi mbili za betri, na karatasi ya choo. Alirudi usiku na foto 212, amefurahi, anataka kuzihamisha mara moja.

Nikamwekea daftari mezani na kalamu. Nikamwambia aandike kwanza, nyuso bado ziko kichwani. Akacheka, akaona sicheki, akavuta kiti. Alikwenda vizuri kwa ukurasa mmoja na nusu: mama wa mtoto, padri, shangazi wa kilemba cha kijani. Kisha akasimama. Akarudisha foto nyuma, akaikuza, akaitazama sana.

"Papa, hawa Kambale watatu. Yupi ndiye yupi?"

Nikamwambia Jumatatu ni karibu, kwao anapajua.